"Has learned": maneno mawili yaliyobeba urani ya Saddam

Tarehe 28 Januari 2003 Rais George W. Bush kasimama mbele ya bunge la Marekani akasema serikali ya Uingereza "has learned" kwamba Saddam Hussein, rais wa Iraq, alikuwa anatafuta urani nyingi, madini ya kutengenezea bomu la nyuklia, kutoka Afrika. Hebu angalia hicho kitenzi. Hakusema "says" (inasema), hakusema "believes" (inaamini), kasema "learned", yaani wamejua, na huwezi kujua kitu ambacho hakipo, kwa hiyo msikilizaji anameza mzigo mzima huku Bush mwenyewe hajathibitisha chochote, kawasukumia Waingereza.

Ndo maana mi huwa nasoma Kiingereza cha magazeti nikiangalia kwanza mwandishi kaileta vipi habari ya kuambiwa. "Said" (kasema) imekaa katikati haina ubaya. "Claimed" (kadai) ina harufu ya uongo. "Admitted" (kakiri) ishamtia mtu hatiani kabla hujasoma alichosema, na "pointed out" (kaonyesha) inakubali kimyakimya kwamba jamaa yuko sahihi. Maneno ya mtu ni yaleyale, ila hukumu ishatolewa.

Wanaoitetea hii tabia wana hoja, tena nzito. Lugha inakupa ngazi, ukiwa na ushahidi mwepesi unaandika "suggests" (unaashiria), ukiwa nao mzito unaandika "found" (umebaini), na msomaji makini anajua asimame wapi. Bora hivyo kuliko mtu kumwaga habari kama vile alikuwepo.

Tatizo linaanza kwenye "reportedly" (inaripotiwa) na "it is understood" (inaeleweka). Karipoti nani? Kaelewa nani? Hayupo. Na wengi wanadhani wakiweka "allegedly" (inadaiwa) wamevaa koti la mvua, kumbe kwa sheria za kashfa za Uingereza ukirudia uzushi wa mwenzio ni kama umeuzusha wewe, kusema "nimesikia kwa fulani" peke yake hakukuokoi.

Turudi kwenye urani. Machi 7 mwaka uleule ElBaradei, mkuu wa shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kuwa nyaraka za Iraq kununua urani Niger zilizokuwa zinashikiliwa kama ushahidi hazikuwa halisi. Vita ya Iraq ikaanza Machi 20 hivyohivyo. Julai mkuu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, George Tenet, akakiri maneno yale hayakutakiwa kuwemo kwenye hotuba. Ila watetezi wa Bush nao wana karata yao, manake ripoti ya Butler, uchunguzi wa taarifa za kijasusi za kabla ya vita kule Uingereza, Julai 2004, ilisema kauli ile ilikuwa na msingi, kwa sababu taarifa za Waingereza hazikutegemea zile nyaraka feki. Na chanzo Bush si alikitaja? Alikitaja kweli.

Mi hapo nakubaliana nao nusu tu, kwa sababu Oktoba 2002 CIA haohao walishaomba madai ya urani yatolewe kwenye hotuba nyingine ya Bush, na yakatolewa. Sasa mzigo ambao watu wako wa ndani wameukataa, unauvalishaje "learned" na kumbebesha jirani? Wangeandika "believes" sentensi ingekuwa ya kweli na hakuna mtu angeruka kwenye kiti.

Sisi tunaotafsiri ndo tunaharibu zaidi, "suggests", "found", "claims" zote tunazitupa kapu moja, "utafiti umebaini", wakati mwenye utafiti alikuwa anakisia tu. Na hatuna hata kisingizio cha lugha, tuna "eti", vijiherufi vitatu vinafanya kazi ya "claimed" na "allegedly" na kejeli juu. Jaribu kumpelekea mhariri habari yenye "eti" uone atakavyoifuta.