Vitanda vya wagonjwa wa akili vikipungua, wagonjwa wameenda wapi?

Mgonjwa wa akili akionekana anazurura Kariakoo, ushauri haukawii: apelekwe Mirembe. Hospitali ile iko Dodoma, lakini kwa watu wa Dar es Salaam jina lake limekuwa la wodi yoyote ya akili. Wataalamu wengi wanavuta upande mwingine: vitanda vipungue, watu watibiwe karibu na kwao.

Marekani hutajwa sana na hawa wa pili. Mwaka 1955 hospitali za akili za majimbo zilikuwa na wagonjwa wapatao 559,000. Kufikia 2016 vitanda havikufika 40,000. Sifa nyingi hupewa klopromazini, dawa ya kutuliza ugonjwa wa akili iliyoingia miaka ya 1950. Ilisaidia kweli. Ila tazama waliokuwa wamelazwa ni akina nani. Wengi walikuwa wazee waliopoteza kumbukumbu. Wengine kaswende ilikuwa imepanda ubongoni, hadi penisilini ilipoikomesha. Baada ya mwaka 1965, bima za Medicare na Medicaid zilipoanzishwa, majimbo yaliona nafuu kuwahamishia wazee kwenye nyumba za kuwatunza, maana serikali kuu ilichangia gharama. Mzee hakupona, alibadilishiwa jengo tu. Wanaolazwa sasa ni wengine kabisa: wanaume ni wengi, na kundi kubwa limeletwa na mahakama.

Mwaka 1939 Lionel Penrose, daktari wa akili wa Uingereza, alionyesha kwamba nchi za Ulaya zenye vitanda vichache vya akili zilikuwa na wafungwa wengi. Kama kimoja ndicho kinacholeta kingine, ubishi haujaisha.

Hata hivyo, hayo hayanifanyi nitake Mirembe ipanuliwe. Kumpeleka kijana wa Mbagala Dodoma ni kumtenga na ndugu ambao ndio watakaomkumbusha dawa akirudi. Na huduma kusogea inawezekana: tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini ilianzia Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke. Mji wa Trieste, Italia, nao ulipofunga hospitali yake ulikuwa na vituo vya mitaani vilivyofunguliwa usiku na mchana.

Kwetu kinachokaa mahali pa kituo ni mama mzazi, au dada aliyeacha biashara yake ili abaki na mgonjwa nyumbani. Anayedai vitanda vipungue aanze na dirisha la dawa la zahanati: sindano ya dawa ya akili anayochomwa mgonjwa kila mwezi ipo, au familia inaambiwa ikanunue duka la nje?