Nani aweke saini kabla simu yako haijafunguliwa?

Ukimwambia mkazi wa Kitaya kwamba serikali inatuchunguza mno, atakushangaa. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakakivamia kijiji hicho cha mkoani Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Kando ya mto, swali lililobaki ni kwa nini hawakujulikana mapema. Mjadala wa faragha huku Kusini lazima uanzie hapo.

Wanaotaka dola iwe na macho makali wana hoja nzito. Mpakani ndugu wako ng'ambo zote mbili na Kimakonde kinasemwa kotekote, kwa hiyo sura na lafudhi hazimtofautishi mwenye nia mbaya na mtu aliyekuja kumzika shangazi yake. Kinachosaidia ni kitambulisho, namba ya simu, na balozi wa nyumba kumi anayejua nani amelala kwa nani. Hata mbali na mpaka, mkulima wa korosho akishalipwa hela ya mnada, matapeli nao huanza kumpigia. Akiibiwa anataka namba ile ifuatiliwe leo leo.

Nakubaliana na hayo yote. Ila tusijidanganye kwamba taarifa nyingi maana yake ni ukweli mwingi. Tulisajili laini kwa alama za vidole, kazi iliyoanza 2019 na kuingia 2020, na bila namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, hukusajili. Bibi ambaye NIDA ilikuwa haijatoka alisajiliwa na mjukuu. Laini ni yake, anaitumia yeye, hela za korosho zinaingia humo, lakini kwenye mtambo mwenye laini ni kijana aliyeko Dar. Siku namba hiyo ikitajwa kwenye kesi, ataitwa nani?

Upande wa raia nao umeandikwa vizuri. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa aseme anazitakia nini, asizipeleke kwingine, na azitunze.

Tunaihitaji kweli. Ingia nyumba ya wageni yoyote Masasi au Nachingwea, utakuta daftari kubwa mapokezi: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya simu. Polisi hulikagua, na kwa mkoa wa mpakani sioni kosa. Kosa ni kwamba limeachwa wazi kaunta. Unapojaza mstari wako unasoma wote waliokutangulia, na mwanamke aliyelala peke yake chumba namba nne, namba yake ya simu iko pale kwa yeyote mwenye kalamu. Daftari lililowekwa kwa ajili ya usalama linamtia hatarini mtu mwenyewe. Kulifunga droo kusingempunguzia polisi chochote.

Tatizo gumu zaidi liko pale dola yenyewe inapotaka taarifa zako. Sheria hiyo ya 2022 inalegeza kamba kwenye masuala ya usalama na uchunguzi wa uhalifu, na Mwenyekiti na Mkurugenzi Mkuu wa Tume inayoisimamia wanateuliwa na Rais. Mei 2024 Mahakama Kuu iliona baadhi ya vifungu vyake vina utata, ikataka virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Lakini mimi nasumbuliwa zaidi na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu cha 32, kama kilivyotungwa, kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kumwamuru yeyote mwenye data azitoe kwa ajili ya upelelezi. Hakimu hahusiki. Kampuni ya Jamii Media, yenye jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, ilikipinga mahakamani, na 2017 Mahakama Kuu ikakiacha kisimame.

Sasa linganisha na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002. Polisi anayetaka kunasa mawasiliano ya mshukiwa wa ugaidi anatakiwa kwenda mahakamani, tena kwa ridhaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Najua tofauti: kule ni kunasa mazungumzo, huku ni kutoa data zilizokwisha kuhifadhiwa. Lakini simu ya leo imehifadhi miaka mizima ya mtu, majibu ya hospitali, ugomvi wa ndoa, madeni. Kwa mambo hayo, mtuhumiwa wa wizi wa magunia mawili ana kinga ndogo kuliko mtuhumiwa wa ugaidi, na sioni hoja inayotetea hilo.

Atakayesema mahakama zitachelewesha kazi ana haki ya kujibiwa. Newala kuna hakimu, Masasi yupo, Kilwa yupo. Ombi la maandishi halihitaji safari ya Dar. Na penye hatari ya maisha, kama usiku ule wa Kitaya, mkuu wa kituo achukue data kwanza, kisha apeleke sababu zake kwa hakimu ndani ya saa 48. Hakimu akizikataa, data zifutwe na mwenye simu aambiwe.