Mbwa wa Uani na Faru wa Ziwani: Nani Atufunze Kupiga Picha?

Hapa Nakuru mtu anaweza kumpiga picha mbwa wake saa moja asubuhi, na kabla ya saa tatu awe mbele ya faru. Lango kuu la Hifadhi ya Ziwa Nakuru liko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Labda ndiyo maana mabishano haya hayaishi kwetu: kijana mwenye simu nzuri, au aliyenunua kamera ya mtumba, ajifunze wapi kupiga picha za wanyama? Wapo wanaosema aanze na mbwa, paka na mbuzi wa nyumbani, na kwamba kumlipa mtaalamu ni kutupa pesa. Wapo wanaosema asikanyage hifadhini na kamera kabla hajafunzwa na anayeijua kazi. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande una jambo ambalo hautaki kuambiwa.

Nianze na hoja ya nyumbani, kwa sababu ni nzito kuliko wataalamu wengi wanavyokubali. Tuna mbwa mweusi, Sultani. Kwa miezi kadhaa kila nikimpiga picha anatoka wa kijivu, kama aliyelala jivuni. Nililaumu kamera, kumbe ilikuwa inafanya kazi yake. Kamera huchukulia kwamba kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani. Ikiona weusi umejaa, hudhani kuna giza na kuongeza mwanga. Kwa paka mweupe hufanya kinyume, akatoka kama hajaoga wiki nzima. Dawa ni kuuongoza mwanga mwenyewe: mbwa mweusi upunguze, paka mweupe uongeze. Kwenye simu nyingi unamgusa mnyama kwenye skrini, kisha unashusha au kupandisha kidole. Nilikosea mara mia uani bila kulipa shilingi, na siku nilipokutana na nyati chini ya migunga, mweusi kivulini, mkono wangu ulijua la kufanya kabla sijafikiri.

Ni uani pia nilipojifunza kupiga magoti. Picha ya mbwa iliyopigwa ukiwa umesimama humwonyesha kichwa kikubwa na mgongo. Shuka hadi macho yako na yake yawe sawa, uone anavyogeuka kuwa mtu wa kuheshimiwa. Na usiku achana na flashi. Nyuma ya jicho la mbwa na la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaowasaidia kuona gizani, na ndio unaofanya macho yao yawake kijani kwenye picha. Mambo haya hayahitaji ada wala lenzi ya milimita 600 ya kuvuta vilivyo mbali, ambayo ikiwa mpya hushindana bei na gari dogo.

Mpaka hapo niko upande wa uani. Tatizo ni kwamba uani hufundisha jambo moja ambalo ukilipeleka hifadhini linaharibu.

Sultani nikimwita, anakuja. Nikishika kipande cha chapati juu ya kamera, anainua macho na masikio yanasimama, na hiyo ndiyo picha. Wanaopiga picha za wanyama wa nyumbani wote wanaitumia mbinu hii, na haina ubaya. Sasa nenda Baboon Cliff hifadhini, pale juu ambapo watu huruhusiwa kushuka garini kulitazama ziwa. Nilimwona kijana amemnyooshea nyani mandazi kwa mkono wa kushoto, simu ikiwa mkono wa kulia. Alikuwa anafanya vile ninavyomfanyia Sultani, hatua kwa hatua, hata ile sauti ya kubusu hewa. Nyani alikuja, akachukua mandazi, kisha hakuondoka. Alizunguka gari, akaingiza mkono dirishani na kutoka na mfuko wa mama mmoja aliyekuwa amekaa kimya na mtoto wake mapajani. Mtoto alilia hadi wakashuka mlimani. Kijana alikuwa na picha nzuri, nakiri. Lakini nyani aliyejifunza kwamba mikono ya watu ina chakula atamvamia na asiye na chakula, na siku akimuumiza mtu, mwenye mandazi hatakuwepo kujibu.

Heroe nao, flamingo kama tunavyozoea kuwaita, wana kesi kama hiyo. Ile aina ndogo hula mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi. Maji ya ziwa letu yalipopanda katika miaka ya 2010, magadi yalipungua makali, mwani ukapungua, na makundi makubwa yakahamia kwingine, kama Ziwa Bogoria. Waliopo wanahitaji kila saa ya kula. Lakini picha ya heroe wakiruka ndiyo inayopendwa, kwa hiyo kuna mtu atapiga makofi, mwingine honi. Nyumbani ukipiga makofi kuku wanakimbia na dakika ile ile wamerudi kudona. Ndege wa porini akiruka ametumia nguvu aliyohitaji, na anaweza kuacha mahali pazuri pa kula.

Hapa ndipo mtaalamu mzuri anapostahili ada yake. Vipimo vya kamera utavipata popote. Kwamba ndege anayeruka anataka shata, yaani kifuniko cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, au ya haraka zaidi, ni jambo la kuambiwa mara moja. Anachokufundisha ni kumsoma mnyama. Faru akiinua mkia na kuzungusha masikio, umeshasogea mno. Swala wote wakitazama upande mmoja, usiwapige picha wao kwanza, tafuta wanachokitazama. Zima injini, weka mfuko wa kitambaa uliojazwa mchele kwenye dirisha, laza lenzi juu yake, na ukae. Mwaka 2019 dunia nzima iliziona picha za chui mweusi wa Laikipia. Mpiga picha wake, Will Burrard-Lucas, hakumkimbiza wala kumwekea nyama. Alitega kamera zinazojipiga zenyewe kwenye njia ambazo chui yule hupita, akaondoka, akasubiri usiku baada ya usiku.

Ningeweza kuishia hapo na kumpa mtaalamu ushindi, lakini nitakuwa nimeficha nusu ya habari. Makumbusho ya Historia Asilia ya London huandaa mashindano makubwa kabisa ya picha za wanyamapori. Mshindi wa 2009, picha ya mbwa-mwitu akiruka lango huko Hispania, alivuliwa ushindi Januari 2010, waamuzi walipoona kwamba huenda mnyama yule alikuwa wa kufugwa, aliyezoea kupigwa picha. Mwaka 2018 ikaondolewa picha ya Brazili iliyoshinda moja ya vitengo mwaka uliotangulia: mla-mchwa kwenye kichuguu kinachong'aa usiku. Uchunguzi ulionyesha kwamba mnyama yule yaelekea alikuwa amekaushwa na kujazwa, anayefanana na aliyekuwa akionyeshwa kwenye lango la hifadhi. Wapiga picha wote wawili walikana. Hao si wanagenzi wa simu.

Na tusiende mbali. Maasai Mara, magari yanayomzunguka duma yamejaa lenzi za bei, si simu peke yake. Utafiti wa Femke Broekhuis uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba duma jike aliyeishi palipojaa watalii alifanikiwa kukuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzao hadi kujitegemea. Palipo na watalii wachache, zaidi ya 2. Tofauti hiyo inaniuma kila ninapoikumbuka. Cheti cha mtaalamu hakimsaidii duma kama mtaalamu mwenyewe anamwambia dereva asogee kidogo tena.

Kwa hiyo mimi simwambii kijana achague mbwa au mtaalamu. Mkono na jicho avipate uani, maana huko kukosea hakumuumizi yeyote. Adabu ya porini aitafute kwa mtu, na kabla ya kumlipa mtu huyo amwekee picha yake nzuri mezani na kumuuliza: hii uliipataje? Ulikuwa umbali gani? Mnyama alifanya nini ulipoondoka? Anayejibu kwa urefu na kwa furaha, huyo mfuate. Anayerudi kwenye jina la lenzi, muage kwa heshima.

Kuna zoezi moja nimelianza, na nalipendekeza hata kwa wasio na nauli ya hifadhi. Nakaa kwenye kibao uani, kamera magotini, na simwiti Sultani. Hakuna chapati, hakuna kubusu hewa. Mwanzoni alikuja kunilalia miguuni, akanilamba lenzi, akachoka na mimi. Jumamosi iliyopita ilichukua dakika arobaini hivi. Aliondoka, akazunguka tangi la maji, akajilaza mlangoni pa stoo ambapo jua la jioni huingia kwa mshazari, akaanza kumwangalia mjusi ukutani kwa makini ambayo sijawahi kuyaona usoni pake akiwa ananitazama mimi. Nilipiga picha tatu. Ya pili ni nyeusi kama alivyo.