Chai ya Kumuaga Mzee na Soketi Nyekundu

Tangazo la kamati ya ustawi lilibandikwa kwenye mlango wa jikoni siku ya Jumatano: Ijumaa saa 4:00 asubuhi, chumba cha mkutano, chai ya kumuaga mzee wetu mchoraji anayestaafu, na papo hapo kumpongeza dada wa idara ya maji aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu. Sambusa, vitumbua, keki, chai ya maziwa kwa watu 38. Mchango kwa mhasibu.

Tangazo la pili lilikuwa barua pepe ya Mkurugenzi: Ijumaa hiyohiyo, saa 5:00 asubuhi kamili, zabuni inafungwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Kazi yenyewe ni ushauri wa mfumo wa umeme wa dharura katika hospitali moja ya mkoa.

Hii ni kampuni ya ushauri wa kihandisi. Ina watu wanaolipwa kugundua bomba la maji linalopita katikati ya nguzo ya zege kabla jengo halijajengwa. Mgongano wa chai na zabuni haukugunduliwa na mtu.

Tupo ghorofa ya tano ya jengo la kupanga, Upanga. Kama ofisi nyingi za Dar es Salaam zinazoishi kwa kompyuta, ukutani tuna soketi za aina mbili. Nyeupe zinapata umeme wa kawaida. Ukikatika, zinasubiri jenereta. Nyekundu zinapitia kwenye UPS iliyoko chumba cha seva, mashine ya betri ya kimo cha friji ndogo, kwa hiyo umeme ukikatika zenyewe hazina habari. UPS yetu ni ya kVA 6 na pawafakta yake ni 0.9, maana yake mwisho wa uwezo wake ni wati 5,400. Seva mbili na vifaa vya mtandao vinakula kama wati 1,100. Kompyuta 14 za usanifu, na vioo vyake, 2,800. Jumla 3,900, asilimia 72. Zimebaki wati 1,500, nazo ziliachwa makusudi kwa ajili ya kompyuta zitakazoongezwa.

Jagi la umeme la lita 1.7 linakula wati 2,200.

Mchoro wa awali wa ofisi ulikuwa na kinga. Ulitaka soketi nyekundu zenye tundu la ethi (la ile pini ndefu ya juu) la umbo la pekee, ili plagi ya kawaida igome kuingia. Ila kwenye orodha ya vifaa, baada ya jina la soketi, paliandikwa yale maneno yanayoshibisha mafundi wengi wa Kariakoo: "au inayolingana nayo." Zikaja soketi za kawaida za plagi ya pini tatu, zikilingana na zile za kwenye mchoro kwa rangi. Likabaki tumaini moja, kibandiko cha KOMPYUTA TU. Cha chumba cha mkutano kilifunikwa Alhamisi jioni na utepe wa maputo.

Saa 4:00 chumba kilikuwa kimejaa. Meza imetandikwa kitambaa cheupe kinachogusa sakafu. Kwenye soketi nyeupe za ukuta mmoja kulikuwa na majagi mawili, maikrowevu ya kupashia maziwa, na lile kabati la kioo la sambusa alilokopesha mama wa mgahawa wa chini. Hesabu yake ni wati 6,650, yaani ampea 29 hivi, na soketi zote hizo zinalindwa na breka moja ya ampea 20. Breka ilivumilia kwa adabu wakati wa sala ya kufungua na utambulisho, kisha ikaanguka.

"Jamani, umeme umekata?" akauliza mwenyekiti wa kamati. Yeye ni mhandisi wa barabara, mtu makini, mwenye kupima vipande vya keki kwa rula.

"Taa zinawaka, Mama. Ni soketi tu."

"Nani ana ufunguo wa DB?"

Ufunguo wa DB, lile sanduku la breka, uko kwa mlinzi wa jengo, na mlinzi wa jengo alikuwa amekwenda kunywa chai.

"Basi hamishieni kwenye nyekundu. Zile hazikatikagi."

Ukweli ni kwamba hilo alilisikia kwa watu wa idara ya umeme, wanaojisifia nalo kila mara. Ekstensheni ikapitishwa chini ya kitambaa cha meza. Jagi moja na maikrowevu vikachomekwa, jagi la pili na kabati la sambusa vikakosa tundu. Fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi ya ekstensheni ingepaswa kusema neno, kwa kuwa mzigo ulikuwa ampea 15, lakini fyuzi ya aina hiyo haikatiki kwa kuzidishwa kidogo hivyo. Inapata joto tu na kunyamaza.

Meza yangu inapakana na chumba cha seva, na ndiyo maana sauti ya kwanza niliipata mimi: pi, pi, pi. Dada wa mapokezi naye aliisikia. Akafungua mlango wa chumba cha mkutano akatangaza: "Maikrowevu inaita, maziwa tayari!" Wakashangilia.

Haikuwa maikrowevu. Ilikuwa UPS imebebeshwa wati 7,250 hivi, asilimia 134 ya uwezo wake, na ndivyo inavyolia. Hapa kuna jambo ambalo wenye UPS ofisini wengi hawalijui. Mashine hii haina uvumilivu wa jenereta. Ndani yake kuna inveta, sehemu inayotengeneza umeme wa kwenda kwenye kompyuta, yenye transista, na transista ikizidiwa inaungua ndani ya muda mfupi sana. Kwa hiyo, ukiipa mzigo wa namna hiyo, inahesabu sekunde kadhaa, kisha inajitoa kazini: inahamia baipasi. Umeme wa nje unapita moja kwa moja kwenda kwenye kompyuta, na UPS inabaki kuwa kipande cha waya kinachopiga kelele. Betri zimejaa asilimia 100 na hazimsaidii mtu.

Atakayeuliza breka ya UPS ilikuwa wapi: ni ya ampea 32, na mzigo wote ulikuwa kama ampea 32. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka, IEC 60898, breka ya aina hiyo inatakiwa ivumilie mara 1.13 ya kiwango chake kwa saa nzima bila kuanguka. Ilikuwa ndani ya haki yake.

Mzee alikuwa amesimama kuaga. Alianza kazi enzi za karatasi ya kufuatishia, kalamu za wino na wembe wa kukwangulia mistari iliyokosewa, na alikuwa amefika sehemu ya kuwaasa vijana: hifadhini kazi zenu kila baada ya dakika kumi. Saa 4:19 umeme wa jengo ukakatika.

Jenereta ya jengo ilichukua sekunde 12. Taa zikarudi, viyoyozi vikarudi. Kompyuta 14 zikabaki nyeusi na seva zikanyamaza. Kutoka chumba cha zabuni ikatoka sauti ambayo siwezi kuiandika.

"Enzi zetu," Mzee akasema, bila kupandisha sauti, "umeme ukikatika mchoro ulibaki mezani."

Mkurugenzi alitoka chumba cha zabuni akiwa ameshika miwani. "Injinia! UPS si tulibadilisha betri?"

"Tulibadilisha, Bosi. Nakwenda kuiangalia."

Huyu Injinia ni mkuu wa idara ya umeme, na ndiye aliyeandika sura ya zabuni kuhusu namna ya kuhakikisha vyumba vya upasuaji havikosi umeme hata sekunde moja. Alichukua kipima ampea cha kubana waya akaingia chumba cha seva. UPS ilikuwa imejiwasha tena kwa umeme wa jenereta, na ilikuwa inalia tena. Jagi lina swichi ya kubonyeza ambayo inabaki chini hadi maji yachemke; umeme ukienda na kurudi, linaendelea pale lilipoishia. Maikrowevu yetu ni ya zamani ya kuzungusha kitufe, nayo vivyo hivyo. Kilichosahau kazi yake ni kompyuta.

Alipoanza kupima, maji yakachemka. Jagi likajizima. Maziwa nayo yalikuwa yameshapata moto. Kioo cha UPS kikashuka hadi asilimia 72, kelele ikakoma, mashine ikarudi kwenye inveta. Injinia akasubiri dakika mbili, akatikisa kichwa, akatoka.

"Imetulia. Ilikuwa ni ule mshtuko wa kuwaka kwa pamoja."

Ni maelezo yanayoingia akilini, maana kompyuta 14 zikiwaka kwa mpigo hutaka umeme mwingi kwa muda mfupi. Kwa kuwa alikuwa amepita mlangoni pa chumba cha mkutano, mwenyekiti akampa kikombe cha chai ya moto. Akashukuru, akasifia tangawizi. Mama mhudumu akajaza jagi maji mengine.

Lita 1.7 za maji ya bomba ya Dar, yenye kama nyuzi 27, zinachukua dakika nne na ushee kuchemka kwa wati 2,200. Jagi moja linatosha vikombe nane. Watu 38, raundi tano. Ndiyo kusema UPS iliendelea kuugua kwa vipindi vya dakika nne, ikipona kila watu walipokuwa wanamiminiwa. Injinia aliziona nyakati hizo kwenye kumbukumbu za mashine, akaziandika kwenye karatasi, akaanza kutafuta kifaa gani katika jengo kina mzunguko wa dakika nne. Alishuku kiyoyozi cha chumba cha seva. Alishuku pampu ya maji ya jengo. Kijana wa idara ya miundo alimshauri achunguze lifti, na yeye akaenda kusimama mbele ya lifti na saa mkononi. Kikombe alikuwa nacho.

Seva ziliamka saa 4:30, maana baada ya kuzimwa kwa ghafla hukagua diski zake kwanza. Zabuni ikafunguliwa. Andiko la kitaalamu, lenye ukubwa wa megabaiti 48, likaanza kupanda. Saa 4:36 lilikuwa asilimia 83.

Saa hiyohiyo umeme wa nje ukawa umerudi na kutulia. Swichi ya kujigeuza ya jengo hungoja dakika chache kuhakikisha umeme ni wa kweli, kisha inatoka kwenye jenereta na kurudi kwenye gridi. Katikati ya kutoka na kurudi kuna pengo dogo, chini ya sekunde moja; taa zinapepesa tu. UPS nzima hulifunika pengo hilo bila mtu kujua. UPS iliyo kwenye baipasi hulipitisha lilivyo. Na ilikuwa kwenye baipasi, kwa sababu ilikuwa raundi ya tatu ya chai na maziwa.

Giza tena kwenye vioo 14.

Safari hii Injinia hakwenda kwenye lifti. Mlinzi alikuwa ameshamaliza chai yake, ufunguo ukaletwa, lakini DB ya soketi nyekundu ina kufuli lake, na ufunguo wake Injinia mwenyewe alikuwa nao mfukoni siku zote. Akafungua, akabana nyaya moja moja. Mzunguko wa kwanza ampea 4. Wa pili 5. Wa tatu 3. Wa nne, ulioandikwa "Mkutano: projekta", ampea 15. Projekta ilikuwa kabatini.

Aliingia chumba cha mkutano saa 4:43 huku watu wakiimba wimbo wa kukata keki. Akapiga magoti. Akainua kitambaa cha meza, akaifuata ekstensheni kwa mkono, ikiwa ya moto, hadi kwenye jagi lililokuwa linaunguruma. Akaliangalia. Akakiangalia kikombe alichoshika.

"Injinia, nikuongeze?" Mama mhudumu akauliza.

Alichomoa plagi bila kujibu. Chumba cha seva kikanyamaza papo hapo. Wimbo ulimalizwa kwa sauti ndogo.

Seva ziliamka tena saa 4:53. Kumbe swichi ya mtandao ya ghorofa ilikuwa bado inajikagua, kwa hiyo andiko likahamishiwa kwenye kompyuta mpakato ya mhasibu na intaneti ya simu. Bando likaisha kwenye megabaiti 20. Ukapitishwa mchango wa papo kwa papo wa kununua jingine, na kamati ya ustawi, nasema hili kwa heshima, ilichangia zaidi ya idara ya umeme. Saa 4:57 mhasibu akaingia upya kwenye mfumo, Mkurugenzi akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, amefumba macho.

"Bosi, kuna taarifa hapa."

"Taarifa gani sasa?"

"Ya marekebisho ya zabuni. Iliwekwa jana jioni." Akasoma polepole. "Muda wa kufunga umesogezwa mbele wiki mbili."

Mkurugenzi alifumbua macho. Alikaa kimya hadi watu tukaanza kuangaliana. Kisha akaenda chumba cha mkutano, akauliza kama sambusa zimebaki. Zilikuwepo, za baridi. Kabati lao halikupata soketi tangu saa 4 na dakika zake.

Wiki iliyofuata idara ya umeme ilitoa ripoti ya kurasa 11 yenye grafu ya mzigo dhidi ya raundi za chai. Soketi nyekundu za chumba cha mkutano zikabadilishwa, zikawekwa zile za tundu la pekee zilizokuwa kwenye mchoro tangu mwanzo. Seva na vifaa vya mtandao vikatengwa kwenye UPS yake ndogo ya kVA 2, jambo la shilingi chache ambalo lingefanyika siku ya kwanza. Kamati ya ustawi ilipigwa marufuku kugusa ekstensheni, nayo ikatii kikamilifu: ilinunua jiko la gesi na mtungi wa kilo 6, ikauweka jikoni nyuma ya mlango.

Barua ya mwenye jengo ilifika baada ya siku mbili. Inatutaka tuondoe gesi ghorofa ya tano ndani ya saa 24, na imeambatanishwa na ripoti ya usalama wa moto ya jengo, ukurasa wa 9 umepigiwa mstari mwekundu. Ripoti hiyo tuliiandika sisi.