Mbuzi wa jirani na tungule zangu

Jamani mie nishachoka na hii tabia ya watu kuachia mbuzi masika. Toka mwezi wa 3 nahangaika na kibustani changu uani, na huku Jambiani, kusini Unguja, mnajua ardhi yenyewe mawe matupu, udongo imebidi niununue nikatia kwenye mapolo na madumu ya kukata, nikachanganya na samadi, nikaatika tungule (nyanya) na bamia, pembeni mchicha. Mwezi wa 4 mvua ilivyokuwa inapiga nikawa naamka usiku kufunika miche kwa makuti isilale.

Sasa tungule zishafunga, mbichi bado, jana natoka alfajiri nakuta mbuzi 3 ndani wanatafuna! Mche mmoja umebaki kijiti tu, majani yameliwa hadi kwenye kikonyo, dumu limepinduliwa udongo wote chini na tungule ndogo zimekanyagwa.

Namfata mwenyewe ananambia eti mnyama hana akili. Sawa hana, lakini wewe kamba si unayo? Msimu wa kulima mbuzi anafungwa, hilo mbona tumekua tunaliona kwa wazee wetu.

Na kinachoniuma zaidi ni wakati, mvua ndo zinaisha hizi, upepo wa kusi ushaanza, nikiatika tena saa hizi ni kumwagilia kwa ndoo kila jioni na maji ya kisima huku yana chumvi. Hii mara ya 3 nimemwendea, safari hii nimemwambia wazi anilipe miche yangu.