Dodoma Hakuna Foleni, na Hiyo Ndiyo Shida Yenyewe

Kila nikishuka Dar napewa pole. Watu wa Dar hawaulizi habari za Dodoma kama wanavyouliza habari za Tanga au Mwanza. Wanashusha sauti, wanakushika bega, "Kwa hiyo, mmeshazoea?" Nikirudi Dodoma nako wenyeji wananitazama shati lilivyoloa wanasema, "Pole ndugu yetu, na lile joto la kule mnaishije?" Basi mimi ni mtu wa kupewa pole pande zote mbili, na hakuna upande hata mmoja unaotoa rambirambi ya hela.

Mimi ni karani wa masjala. Wizara siitaji, mkate wenyewe tunautafuta kwa shida. Habari ya serikali kuhamia Dodoma iliamuliwa tangu 1973, enzi za TANU, na watumishi wa wakati ule walisema "tunahama, tunahama" mpaka wakastaafu wakiwa palepale Dar, wakala pensheni yao wakitazama bahari. Sisi tukamkuta Magufuli. Julai 2016 akatangaza kwamba sasa basi, tunahamia, na kabla mwaka haujaisha Waziri Mkuu Majaliwa akawa ameshatangulia. Sasa Waziri Mkuu keshatangulia, wewe karani unabaki Dar unamtunzia nani mafaili? Tukafungasha.

Aprili 2018 tukatangaziwa kwamba Dodoma nayo ni jiji. Nikampigia mama watoto, ambaye yeye amebaki Dar na biashara yake ya vitenge Kariakoo, nikamwambia kwa sauti ya kujisikia, "Mama, sasa na mimi nakaa jijini." Akaniuliza swali moja tu: "Huko jijini kwenu nazi shilingi ngapi?" Nikamtajia. Alicheka mpaka vocha ikaisha, na vocha ilikuwa yangu.

Nisiwe mchoyo wa kusifia. Dodoma hali ya hewa wametuzidi, hilo mtu wa Dar asibishe. Mji uko juu, mita 1,100 na kitu kutoka usawa wa bahari, usiku unavuta blanketi. Dar blanketi ni la kufunikia televisheni. Kule unalala na feni imekuelekea usoni, na Luku ikikata saa nane usiku nyumba nzima inaamka bila kuamshwa, mtoto analia, baba anatafuta tokeni kwenye simu, mbu wanafanya mkutano wa hadhara. Asubuhi unaoga, unajifuta, ukimaliza kujifuta umeshaloa tena. Saa mbili asubuhi unafika kazini na shati limekushika mgongoni, huna hata ulichofanya zaidi ya kupanda daladala.

Dodoma hutoki jasho. Unapauka. Ikifika Juni upepo unaanza, ngozi inakakamaa, midomo inapasuka, mtu mzima na cheo chake anatembea na kikopo cha mafuta ya mgando mfukoni. Halafu vumbi. Ofisini kwetu kila droo ina mambo mawili: kalamu na kitambaa cha viatu. Ukimwona mtu Dodoma viatu vinang'aa, huyo kashuka kwenye gari dakika hii hii, ngoja apige hatua kumi. Mvua yenyewe inakuja Desemba, inajikongoja mpaka Aprili, ikikata imekata. Hakuna vuli wala masika ya kubembelezana.

Kwenye chakula ndiko nilikopata mtihani. Mimi mtoto wa Mbagala, nimekuzwa na changu wa tui. Mama mwenye nyumba wangu, Mgogo mwenye roho nzuri sana, wiki niliyohamia akaniletea ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga. Nikamega tonge, nikachovya, nikainua. Uzi ukanifuata. Nikainua mkono mpaka usawa wa masikio, uzi bado umeshika bakuli, hautaki kuachana na wenzake. Nikasimama. Mama wa watu akanionea huruma: "Baba, usivute. Zungusha." Nikazungusha kiganja mara mbili pembeni ya bakuli, ukakatika wenyewe. Na utamu nisiseme uongo, nililamba bakuli. Sasa hivi nikikaa Dar sana naumwa hamu ya mlenda, ila hilo pale Kariakoo halijui mtu, na msimwambie.

Zabibu nazo. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka, lakini ndugu zangu wa Dar wanazidai mwaka mzima. "Uko Dodoma halafu unakuja mikono mitupu?" Wewe unayekaa Dar na bahari yote ile, umeshaniletea hata dagaa?

Lakini hayo yote ni ya kuvumilika. Jambo linaloniumiza Dodoma ni moja, na wenzangu wanaona aibu kulisema: hakuna foleni.

Naona mnacheka. Mtu wa Dar kwa kuwa anayo foleni ya kutosha haijui thamani yake, anaitukana. Jiji lile kwa sensa ya 2022 lina watu zaidi ya milioni 5.3, na jioni wote wanarudi nyumbani kwa njia moja. Wakajenga daraja la juu Tazara, likafunguliwa 2018. Wakajenga jingine Ubungo, la ghorofa kabisa, likafunguliwa 2021. Foleni haikufa, ilisogea mbele kidogo ikakaa kutungojea. Na ndani ya foleni kuna maisha. Mimi pazia la sebuleni nililinunua Buguruni nikiwa nimekaa dirishani, nikajadiliana bei tokea mataa mpaka mataa. Miswaki, chaja, korosho, ramani ya Afrika, ndoo, vyote nimevipata humo. Siku moja nusura ninunue mbwa.

Ila hayo ni mapambo. Kazi kubwa ya foleni ni utetezi. Foleni ni wakili wa mtu asiye na hela. Bosi akipiga: "Bosi, niko foleni Mwenge." Anayekudai akipiga: "Ndugu yangu, niko foleni Tazara, haisogei kabisa." Umelala, umevaa msuli, unakula embe, lakini uko foleni. Na hakuna anayeweza kukukanusha, maana Tazara kweli kuna foleni! Ni uongo ambao serikali yenyewe inaushuhudia redioni.

Chukua kamati ya harusi. Dar mtoto wa jirani wa shangazi anaoa, umeshaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, kikao Jumapili saa kumi Sinza. Unaandika tu: "Wajumbe nipo njiani, foleni ni kali, endeleeni." Wanaendelea. Saa moja unaandika tena: "Ndiyo nafika Morocco." Wanakujibu, "Usijali mjumbe, tumeshafunga kikao, tutakujulisha." Ahadi hujatoa, kadi utaletewa.

Dodoma nilijaribu hilo. Kikao Area C, mimi nakaa Nkuhungu. Nikaandika, "Wajumbe, nipo njiani." Hawakuandika kitu. Muda wa kuchemsha chai tu, pikipiki imesimama mlangoni, mweka hazina kaja kunifuata mwenyewe, "Tukasema labda umekosa usafiri." Nilikwenda na msuli wangu. Niliahidi laki. Shilingi laki moja, mtu ninayehesabu nyanya!

Na mji wenyewe umepimwa. Mitaa mingi imenyooka, viwanja vina mawe ya mipaka, unasimama kona hii unaona mpaka kona ile. Wapima ardhi wanasifiwa sana, lakini walimfikiria mtu anayedaiwa? Manzese ukimwona mangi mwenye daftari lako la madeni, unaingia uchochoro, unapita ukumbini kwa watu, "hodi, samahani, napita," unatokea barabara nyingine kabisa. Huku mangi ananiona nikiwa mbali bado, anatoa daftari, analifungua kabisa kwenye ukurasa wangu, ananingoja. Njia ya kukata hakuna. Natembea tu kuelekea kwenye deni langu, mguu kwa mguu, huku tunatazamana.

Nilikuwa nimebakiwa na kinga moja, umbali. Dar mpaka Dodoma kwa barabara ni kilomita 450 hivi, kwa basi siku nzima inapotelea humo, unashuka miguu imevimba. Mkwe hawezi kupata shida hiyo kwa ajili ya kunisalimia. Tuliheshimiana kwa simu, tukapendana sana. Basi ikaja treni ya mwendokasi, Julai 2024 ikaanza kufika Dodoma. Mimi mwenyewe nilishangilia, nikapiga picha na tiketi. Saa nne hazifiki umetoka pwani umeingia huku, nauli ya treni ya kawaida 31,000.

Wiki haikupita, shemeji huyo. Ijumaa jioni, begi dogo, "Nimeona nije nijaribu treni." Kajaribu treni, kajaribu na godoro langu mpaka Jumatatu. Akamleta mama mkwe naye ajaribu. Mama mkwe akakuta kiti kimoja sebuleni na nguo zangu zimeanikwa kwenye mlango, akarudi Dar na ripoti. Na mama watoto, ambaye zamani akitaka kuja alinitaarifu wiki mbili kabla nikapata muda wa kudeki, sasa anafunga duka Kariakoo mchana, na kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku ananipigia: "Fungua geti." Geti lipi? Nimeshika sahani, nimepasha ugali wa jana!

Na usifikiri utamkwepa kwa kusema umebanwa kazini. Ofisi ziko Mtumba, kilomita 17 hivi kutoka mjini, barabara nzuri, inateleza. Mama watoto anajua hesabu, kauza vitenge maisha yake yote. "Umetoka saa tisa na nusu. Saa kumi na mbili hii, ulikuwa wapi?" Dar ningemjibu kwa neno moja tukala. Dodoma natakiwa niwe na maelezo, na mashahidi.

Wenzangu ofisini wananiambia nitulie, foleni itakuja, mji unakua, mtu laki saba na ushee waliohesabiwa 2022 wameshaongezeka. Nami huwa nakwenda barabarani jioni kuangalia maendeleo yake. Kuna siku mbili tatu za matumaini hasa, msimu wa Bunge la bajeti. Kuanzia Aprili mji unajaa waheshimiwa, wasaidizi wao, madereva wao, na watu wenye bahasha wanaowasubiri nje ya hoteli. Nyumba za wageni zinajaa, bei ya chumba inapanda, chipsi kuku inapanda, mpaka mama ntilie wa kwetu anaandika menyu kwa kompyuta. Sisi wapangaji wa kawaida tunakaa kimya kwa sababu mwenye nyumba akikumbuka kwamba kile chumba chako kingeweza kulala msaidizi wa mheshimiwa, umekwisha. Na nikiwa hapo kwenye matumaini yangu, naambiwa inajengwa barabara ya mzunguko, zaidi ya kilomita 110, malori yapite nje ya mji. Foleni haijazaliwa, tayari wameshaiandalia dawa.

Basi mwaka huu, katikati ya Bunge hilo hilo, asubuhi nimo kwenye daladala naelekea Mtumba, trafiki akanyoosha mkono. Msafara wa kiongozi unapita. Magari yakasimama. Nyuma yetu yakaongezeka, na nyuma ya hayo mengine. Kijana mmoja mwenye akili akatokea na chupa za maji anauza dirishani. Nikanunua, nilihisi niko Buguruni, macho yananilengalenga. Tukakaa. Saa mbili ikapita, tumekaa. Nikatoa simu kwa furaha ambayo sijawahi kuwa nayo nikimpigia mtu yule, nikasema, tena kwa ukweli mtupu, "Bosi, shikamoo. Nitachelewa kidogo, niko foleni."

Kimya. Halafu akaniuliza, "Uko Dar?"

"Hapana bosi, niko Dodoma hapa hapa."

"Foleni? Dodoma?"

"Ndiyo bosi, kuna msafara..."

"Mimi nimeshafika ofisini tangu saa moja na nusu, sijaona msafara wala foleni. Ukifika utakuta barua, unijibu kwa maandishi."

Nilipofika nikaikuta kweli, imeletwa masjala kama barua nyingine yoyote. Na kwa kuwa karani wa zamu ni mimi, niliipokea mimi, nikaigonga muhuri wa kupokelewa, nikaiingiza kwenye rejista, nikatoa faili langu kwenye kabati, nikaipa namba ya folio, nikajipelekea mezani, nikajisainisha kitabu cha kupokelea. Mtumishi wa dirisha la pili akauliza kama barua imemfikia mhusika. Nikamwambia imemfikia, ila amekasirika.