Una Shilingi Ngapi?

Jamani, hivi siku hizi dozi inauzwa kwa mkasi? Leo asubuhi, duka moja la dawa hapa Mtwara mjini, kibarua wa korosho yuko kaunta anatetemeka, mkononi karatasi ya kipimo: malaria. Dawa mseto, yaani artemetha na lumefantrini ndani ya kidonge kimoja, kwa mtu mzima ni vidonge 24. Vinne hapo hapo, vinne zikipita saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Tena na chakula chenye mafuta, la sivyo lumefantrini haiingii mwilini vizuri. Hesabu ya darasa la pili.

Binti wa kaunta kauliza, "Baba, una shilingi ngapi?"

Shilingi! Si kilo za mwili. Mkasi huo, kacha! "Chukua 12 kwanza, nyingine utamalizia."

Atamalizia nini? Artemetha inapiga haraka na kutoka mwilini haraka. Kufagia vijidudu vilivyobaki ni kazi ya lumefantrini, nayo inataka dozi zote sita. Kesho kutwa homa itatulia, kibarua atarudi kubangua, na baada ya wiki chache malaria itabisha hodi tena. Binti hata hajamaliza. Kamwongezea na chupa ya kuongeza damu, boksi lina picha ya simba. Wingi wa damu hakupima mtu. Hela ya vidonge 12 haipo, ya simba imepatikana!

Ikabidi niingilie. "Binti, asipopona?"

"Si atarudi, mzee wangu."

"Na akipona?"

Kanitazama kwa huruma. "Sasa akipona, mimi nitamuuzia nini?"

Msimcheke. Mwaka 2018 wachambuzi wa Goldman Sachs, benki ya wenye suti kule Marekani, waliwauliza wateja wao hilo hilo: kuponya watu kuna biashara ya kudumu? Mfano wao ulikuwa kampuni ya Gilead na dawa zake za homa ya ini aina ya C. Mojawapo, Sovaldi, ilitoka Desemba 2013, kidonge kimoja dola 1,000, wiki 12 dola 84,000. Balaa lake ni kwamba inaponya kweli. Aliyepona harudi, wala hamwambukizi mteja mpya. Mauzo yakapanda, kisha yakaporomoka. Poleni sana, wafiwa.

Eflonithini ndiyo kiboko. Dawa ya malale ya Afrika Magharibi na Kati, ikaachwa kutengenezwa miaka ya 1990 kwa kuwa wagonjwa hawana kitu. Ikaja kuonekana inapunguza ndevu za akina mama, na mwaka 2000 krimu yake ikaruhusiwa Marekani. Ndevu zina soko! Mwaka uliofuata, baada ya kelele nyingi, mtengenezaji akakubali kutoa ya sindano bure.

Nasi za bure tunazifanyia vituko. Kampuni ya Merck ilianza kutoa Mectizan, dawa ya minyoo, bure mwaka 1987, na huku kwetu kwenye matende na mabusha inamezwa pamoja na albendazo. Mgawaji anakuja na fimbo ya kupimia, maana Mectizan inakwenda kwa urefu: sentimita 159 kwenda juu vidonge vinne, mfupi wa hapo vinapungua. Basi utaona watu wazima na heshima zao! Mmoja kakunja magoti apewe viwili. Mwingine kachuchumia apate vinne kama shemeji yake. Wa tatu kaambiwa avue kofia, kagoma, kofia ni ya Ijumaa. Foleni nzima imesimama inajadili kofia.